Siku Tulipokabidhi Daftari la Mfuko wa Huruma

Usharika wetu ulikuwa na ibada mbili kila Jumapili, na kwa miaka mingi tuliamini kwamba kilichozitofautisha ni saa tu. Ibada ya kwanza ilikuwa ya familia zilizoanzisha kanisa, watu waliosomba mawe ya msingi wangali vijana na ambao sasa walikuwa wakileta wajukuu kubatizwa. Ibada ya pili ilijaa waliokuja baadaye: waliohamishwa kikazi, wanafunzi, wajane waliofuata watoto wao, na wengine walioamini siku za karibuni ambao hawakuwa na ndugu hata mmoja ndani ya kanisa. Mchungaji alikuwa mmoja, baraza la wazee lilikuwa moja, na sadaka zote ziliingia katika hazina moja. Lakini wa kwanza walipokuwa wakitoka ndipo wa pili walipokuwa wakiingia, na mahali pekee tulipokutana palikuwa mlangoni, tukapeana mikono kwa haraka na kila mmoja akashika njia yake.

Ninachotaka kusimulia ni habari ya mkutano mmoja wa usharika huo, ambao nilihudhuria nikiwa katibu mpya wa kamati ya mfuko wa huruma. Tangu wakati huo nimekaa katika mikutano mingi ya kanisa, na mingi imenitoka akilini. Huo haujanitoka, kwa sababu ndio ulionionyesha kwa macho jinsi umoja wa waumini unavyoweza kujengwa na mtu mmoja mwenye nafasi ambaye amekubali kuiachia.

Mfuko wa huruma ulitokana na kapu dogo lililopitishwa baada ya sadaka ya kawaida, katika ibada zote mbili. Fedha zake zilikuwa za wajane, wagonjwa, waliofiwa na waliopoteza kazi. Kamati ilipopata taarifa ya mhitaji, wajumbe wawili walimtembelea, wakaomba pamoja naye, wakamkabidhi kilichoamuliwa, kisha mweka hazina akaandika. Mweka hazina wetu alikuwa mama wa makamo ya juu, mjane mwenyewe, aliyelishika daftari hilo tangu mfuko ulipoanzishwa. Sijapata kufanya kazi na mtu mwaminifu kumshinda. Fedha zilipopungua aliongeza za kwake bila kumwambia mtu, nami nisingalijua hilo kama nisingalilinganisha daftari na stakabadhi za benki.

Mgogoro ulianza kwa sababu ya mjane mmoja wa ibada ya pili. Aliugua, akalazwa, akarudishwa nyumbani, akaugua tena, na katika muda huo wote hakuna mjumbe wa kamati aliyebisha hodi kwake. Waliomhudumia ni watu wanne au watano waliozoea kuketi naye benchi moja, ambao walichangishana wenyewe kwa wenyewe. Alipopata nafuu alirudi kanisani bila kumlaumu mtu yeyote. Aliyesema ni mwalimu mmoja kijana, mmojawapo wa wale waliomtunza. Katika mkutano mkuu wa usharika, ulipofika wakati wa mengineyo, alisimama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kapu hupita katika ibada zote mbili lakini msaada huenda upande mmoja. Akaongeza kwamba wajumbe wote wa kamati wanasali ibada ya kwanza. Kisha akaketi.

Maneno hayo yalikuwa machache, lakini ukumbi ulichafuka. Wapo waliopiga makofi, wapo waliosimama kudai aombe radhi, na mama mweka hazina, ambaye alisikia katika maneno hayo shutuma ya wizi, aliinamisha kichwa na hakukiinua hadi mkutano ulipoahirishwa. Mchungaji alifunga kwa sala, akatangaza kwamba tutakutana tena Jumapili ya tatu baada ya hapo, na akaagiza mimi na mama tulipitie daftari lote na kuleta taarifa.

Majuma yale yalikuwa mazito. Katika ibada ya pili lilizuka wazo kwamba kapu lao libaki kwao, wachague mweka hazina wao na wawahudumie wagonjwa wao. Katika ibada ya kwanza baadhi ya watu walisema, na wengine waliposikia hawakukanusha, kwamba kama wageni hawaridhiki basi waende wakaanzishe kanisa lao. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu watu waliokuwa wakisema, mimi ni wa Paulo, na mimi ni wa Apolo, na mimi ni wa Kefa. Mimi nilisikia kwa masikio yangu, ndani ya ua wa kanisa, watu wakijitaja kwa saa ya ibada yao. Kilichonitisha ni kwamba waliosema hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa waombaji, watoaji, watu waliokuwa wakifunga na kukesha, na kila upande ulikuwa ukiamini kwamba unaitetea haki.

Siku tuliyokaa na daftari naikumbuka kwa utulivu wake. Tulikuwa katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, mlango ukiwa wazi. Daftari lilikuwa kubwa, lenye jalada gumu lililoanza kuchanika pembeni, na kila ukurasa mama alikuwa ameuchora kwa rula safu tano: tarehe, jina la mhitaji, hitaji, aliyeleta taarifa, na kilichotolewa. Mwandiko wake ulikuwa ule ule tangu ukurasa wa kwanza, herufi ndogo zilizosimama wima. Tulianza na safu ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyomuumiza. Tulijumlisha ukurasa kwa ukurasa, tukalinganisha na benki, na hakukuwa na senti iliyopotea. Nilidhani kazi imekwisha na kwamba taarifa yetu itamsafisha mbele ya wote. Nilianza hata kuiandika.

Yeye hakufunga daftari. Alirudi kwenye safu ya nne, ile ya aliyeleta taarifa, akaweka kidole juu na kukishusha polepole. Aliniomba nisome kwa sauti majina yaliyomo. Nikasoma. Yalikuwa majina yale yale, watu wachache tu, yakijirudia ukurasa hadi ukurasa: jirani yake, shemeji yake, mzee mmoja wa kanisa, mwimbaji wa kwaya yao ya siku nyingi. Akaniomba nirudie. Nilipomaliza mara ya pili alikaa kimya kwa muda, halafu akasema, "Kumbe hatukuwanyima. Tulikuwa tunangoja kuambiwa, na wanaotuambia ni wale tunaojuana nao. Yule mama angemtuma nani?"

Nimelifikiri swali hilo mara nyingi. Watu hudhani kwamba ubinafsi ndani ya kanisa lazima uwe na sura ya choyo, mtu anayejilimbikizia au kuwania cheo. Ule tulioukuta kwenye safu ya nne haukuwa na sura hiyo. Kila mmoja alimjali aliyekuwa karibu naye, akamletea taarifa na msaada kwa moyo mweupe, na kwa pamoja tukawa tumejenga ukuta ambao hakuna aliyekusudia kuujenga. Paulo alipowaambia Wafilipi kwamba kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe bali aangalie pia ya wengine, alitumia neno la kutazama, na naamini kazi yenyewe huanzia hapo, kwenye macho. Asiyekuona hawezi kukutendea haki hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Mkutano ulipoitishwa tena, watu wa ibada zote mbili walijaa ukumbini, na bila mtu kupanga walikaa pande mbili. Mchungaji hakuhubiri. Alisoma tu aya chache za mwanzo wa sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, ambamo idadi ya wanafunzi ilikuwa ikiongezeka, kukawa na manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliozungumza Kiyunani, juu ya Waebrania, Wayahudi wenzao waliozungumza lugha ya kwao, kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Akasoma jinsi mitume walivyoita jumuiya yote ya wanafunzi na kuwaambia wachague watu saba wenye kushuhudiwa wema, waliojawa na Roho na hekima. Kisha akasoma majina saba polepole, akitua baada ya kila moja: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Akafunga Biblia na kusema jambo moja tu, kwamba majina yote hayo ni ya Kiyunani.

Watu waliosoma Maandiko kwa undani watasema kwamba jina la Kiyunani pekee si ushahidi kamili, na ni kweli, kwa sababu hata miongoni mwa mitume kumi na wawili wamo Andrea na Filipo, ambao majina yao ni ya Kiyunani nao walikuwa Wagalilaya. Lakini majina saba mfululizo, na la mwisho likiwa la mtu ambaye hakuzaliwa Myahudi kabisa, ni vigumu kuyapita bila kusimama. Kanisa la Yerusalemu, ambalo wengi wake walikuwa Waebrania na ambalo mitume wake wote walikuwa Waebrania, lilipewa nafasi ya kuchagua watakaoshika huduma ya meza, na inavyoonekana likachagua kutoka upande uliolalamika. Mitume hawakuunda kapu la Wayunani na kapu la Waebrania. Wala hawakuwaambia walalamikaji wawe na subira kwanza mpaka waaminike. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo tangu utotoni nikimtazama Stefano peke yake, kwa ajili ya kifo chake, na siku hiyo ndipo nilipoona kwamba kabla hajawa shahidi alikuwa jibu la lalamiko.

Nilitoa taarifa ya daftari. Nilisema fedha zote zipo na zimetumika kwa wahitaji, na nilisema pia, kwa idhini ya mama, kile tulichokiona katika safu ya nne. Ukumbi ulitulia. Mwalimu yule alisimama na kusema kwamba hakuwa na maana ya wizi na kwamba kama maneno yake yalisikika hivyo, anasikitika. Hapo hoja zikaanza kutolewa. Ya kwanza ilikuwa mifuko miwili. Ya pili, iliyoelekea kupata wengi, ilikuwa kuongeza wajumbe wawili wa ibada ya pili katika kamati iliyopo. Ilionekana ni hoja ya busara, nami nilikuwa nimeshashika kalamu kuiandika kama uamuzi.

Mama aliomba nafasi. Alitembea hadi mbele akiwa na daftari kifuani, akaliweka juu ya meza ya mchungaji. Hakusema maneno mengi. Alisema kwamba wajumbe wawili watakaoingia katika kamati yetu watakuwa wageni wetu, watakaa kimya mezani petu na kukubali tuliyokwisha kuamua, na baada ya miezi michache tutasema tumewashirikisha. Alipendekeza kamati nzima, kuanzia mwenyekiti, itoke ibada ya pili kwa kipindi kizima, na ihudumie usharika wote.

Siwezi kueleza vizuri sauti iliyotoka kwa watu. Haikuwa ya kupinga wala ya kukubali. Mzee mmoja wa ibada ya kwanza, mtu aliyeheshimika na ambaye alikuwa mmoja wa waliosema wageni waende zao, alisimama akiwa na hasira ya wazi. Alisema hao watu hawawajui wazee wetu, hawajui wanaishi wapi, hawajui nani ana mtoto wa kumtunza na nani hana.

Mama akamjibu kwa heshima, "Ni kweli, kaka yangu. Na sisi tulikuwa hatuwajui wao. Watatuuliza, nasi tutawaonyesha."

Mwalimu naye alikataa. Alisimama akasema hakulalamika ili apewe daftari, na kwamba watu wangesema alikuwa akitafuta cheo. Mama alimtazama, akamwambia, "Mwanangu, ulimuuguza yule mama bila kuandikwa na kamati yoyote. Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemhitaji hapa."

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono, na hoja ikapita. Haikupita kwa sauti moja, na nitakosa uaminifu nikisema ilipita hivyo. Baadhi ya mikono ya ibada ya kwanza ilibaki chini, na familia moja iliacha kusali nasi baada ya siku hiyo. Mchungaji aliwatembelea mara kadhaa, hawakurudi. Bado naumia nikiwakumbuka, kwa sababu walikuwa na mchango mkubwa katika kanisa lile, na kwa sababu naelewa jinsi inavyouma kuona kitu ulichokilea kinakabidhiwa mtu mwingine mikononi. Ibrahimu alipomwambia Lutu achague kwanza upande wa nchi anaoutaka, naye atakwenda upande mwingine, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa na ndiye aliyekuwa na ahadi. Si kila mtu ana imani ya kumwezesha kutoa nafasi ya kwanza na kuamini kwamba Mungu hatamwacha mikono mitupu.

Kamati mpya ilinibakiza niwe katibu ili kumbukumbu zisikatike, na kwa hiyo niliona kwa karibu walivyofanya kazi. Jambo la kwanza walilobadilisha ni safu ya nne. Waliona kwamba haitoshi kungoja taarifa, wakagawa usharika mzima katika makundi madogo yaliyochanganya watu wa ibada zote mbili wanaoishi jirani, na kila kundi likapewa mtu wa kuuliza habari za wenzake, hata kama hakuna aliyelalamika. Jambo la pili lilihusu fedha. Ingawa hakuna aliyeshukiwa, walitaka kapu lifunguliwe na watu wawili kutoka ibada tofauti na wote watie sahihi. Mwalimu alieleza kwamba Paulo alipokuwa akipeleka mchango wa makanisa kwa watakatifu wa Yerusalemu hakutaka kuubeba peke yake, bali alikuwa na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu, na ili mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mama alipoisikia habari hiyo alisema angalipenda utaratibu huo tangu mwanzo, maana miaka yote alikuwa akilala na wasiwasi wa kuhesabu peke yake.

Waliyoyafanya kwa maskini na wagonjwa yalikuwa mengi, nami sitayataja yote. Litoshe hili moja. Mzee yule aliyepinga kwa hasira aliugua miezi michache baadaye. Kwa utaratibu wa zamani jina lake lingefika kwa kamati siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila mtu alimfahamu. Kwa utaratibu mpya pia lilifika siku hiyo hiyo, likiletwa na msichana mwanafunzi wa ibada ya pili aliyekuwa na zamu ya kuuliza habari za kundi lao. Mwalimu hakujua nyumba, akampitia mama, wakaenda pamoja, nami nikiwa wa tatu. Mzee alikuwa amelala kitandani uso ukielekea ukutani. Mwalimu alimwamkia, akaketi, akamuuliza hali yake na dawa zake, akauliza nani anayelala naye usiku. Mzee akajibu kwamba hakuna. Usiku huo mwalimu alilala pale, na usiku uliofuata alilala kijana mwingine wa ibada ya pili, na ndivyo walivyopokezana hadi mtoto wa mzee alipofika kutoka mbali. Nilipomtembelea tena alikuwa ameketi, akiwaeleza vijana wawili jinsi mawe ya msingi wa kanisa yalivyosombwa, nao wakimuuliza maswali ambayo wajukuu wake hawakupata kumuuliza.

Ibada zilibaki mbili, maana jengo halikututosha sote kwa mara moja. Kwaya ziliendelea kuvutana kuhusu muda wa mazoezi, na mvutano huo haukupata dawa wakati nilipokuwa pale. Lakini watu wa ibada ya kwanza walianza kuchelewa kuondoka, na wa pili walianza kuwahi, hata uani pakawa na muda wa kuulizana habari kabla ya kengele. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu baadhi yao walitangulia kula chakula chao huku wengine wakibaki na njaa, akawaambia wangojane. Agizo hilo linaonekana dogo mno kwa mtume kuliandika. Nimeona likitendwa, na najua lilivyo na nguvu.

Kipindi cha kamati ile kilipomalizika, watu wa ibada ya pili ndio waliosimama kupendekeza majina kutoka ibada ya kwanza, na mzee yule, aliyekuwa amepona, ndiye aliyependekeza mwalimu aendelee kuwa mwenyekiti. Walitaka pia mama arudi kwenye hazina. Alishukuru, akakataa. Alisema macho yake hayaoni vizuri tarakimu ndogo, ila miguu bado ina nguvu, kwa hiyo apangiwe kutembelea wagonjwa wa ibada ya pili ambao alikuwa hajafahamiana nao. Nikaandika jina lake katika orodha ya watembeleaji, na kazi hiyo aliifanya kila juma mpaka nilipohamia usharika mwingine.